Thamani ya mzigo stooni: Kwanza Kuingia, wastani unaosogea, wastani wa mwezi, au kila kimoja kwa bei yake?

Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakutuambia daftari lenyewe liandikwe kwa bei ipi. Mifuko ileile 180 ya saruji, kwenye stoo ileile, inaweza kusomeka shilingi 2,736,000 katika ripoti moja na 2,635,200 katika nyingine, na asiwepo aliyeiba wala aliyekosea kujumlisha. Tofauti imetokana na njia iliyotumika kukokotoa gharama. Mara nyingi njia hiyo huchaguliwa siku programu inapofungwa dukani: fundi anauliza, mwenye mali anasema "weka yoyote", na mwaka mzima unasomwa kwa jibu hilo.

Njia zinazolinganishwa hapa ni nne. Ya tano, ile ya kuhesabu kwamba mzigo wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutoka (LIFO), tunaiacha. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 2, kinachofuatwa Tanzania na Kenya, hakiiruhusu tangu Januari 2005. Ukiiona kwenye programu, ipite. Ipo hasa kwa ajili ya Marekani, ambako bado inakubalika.

Vigezo vya kupimia

Kila njia tutaiuliza mambo manne. Thamani inayobaki kwenye ripoti iko karibu kiasi gani na bei ya kununulia ya leo? Bei zikipanda au kushuka, faida ghafi (mauzo toa gharama ya bidhaa zilizouzwa) inasomekaje? Inampa mtunza stoo na mhasibu kazi kiasi gani kila siku? La nne ndilo tunalolipa uzito zaidi: inavumilia vipi makosa ya kawaida ya stoo, kama ankara iliyochelewa, mauzo yaliyoingizwa kabla ya mapokezi, au katoni iliyoandikwa kama kipande? Njia nzuri kwenye karatasi ikikutana na stoo isiyo na nidhamu, inatoa namba mbaya.

Kwanza, gharama yenyewe ni ipi

Hili halibadiliki kwa njia yoyote utakayochagua. Gharama ya mfuko haiishii kwenye bei ya ankara. Ni bei ya ankara, toa punguzo la kibiashara, jumlisha ushuru wa forodha kama mzigo umetoka nje, usafiri hadi stooni na malipo ya wapakuaji. Kwa mfano, saruji ya shilingi 14,000 kwenye ankara, ikilipiwa 450 ya gari na 150 ya kupakua kwa kila mfuko, imekugharimu 14,600. Kodi ya pango la stoo na mshahara wa mlinzi haviingii humo. Hizo ni gharama za kuendesha biashara.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ndipo wengi wanapojikwaa. Kama umesajiliwa na unairudisha kwenye ritani, iondoe. Bidhaa ya 17,700 pamoja na VAT ya asilimia 18 imekugharimu 15,000. Kule Kenya, kwa asilimia 16, bei ya 17,400 ndiyo inayokupa 15,000 hiyohiyo. Ukiacha VAT ndani, stoo nzima inavimba kwa asilimia hiyo, na bidhaa yenye faida nyembamba itaonekana inauzwa kwa hasara. Usiyesajiliwa, VAT uliyolipa ni sehemu ya gharama yako, iache humo.

Mfano mmoja kwa wote

Bei hizi ni za mfano tu. Njia ya nne haimo kwenye jedwali, kwa sababu haifai bidhaa zinazofanana kama saruji. Tarehe 1 Machi stoo ina mifuko 200 ya shilingi 14,000. Tarehe 5 imeingia mifuko 300 ya 14,600. Tarehe 9 imetoka 350. Tarehe 16 imeingia 250 ya 15,200. Tarehe 24 imetoka 220. Imebaki 180. Mauzo yote 570 yalikwenda kwa 16,500, yaani 9,405,000.

| Njia | Gharama ya mauzo | Faida ghafi | Baki la stoo |
|---|---|---|---|
| Kwanza Kuingia | 8,244,000 | 1,161,000 | 2,736,000 |
| Wastani unaosogea | 8,300,700 | 1,104,300 | 2,679,300 |
| Wastani wa mwezi | 8,344,800 | 1,060,200 | 2,635,200 |

Kwenye kila mstari, jumlisha gharama ya mauzo na baki la stoo. Utapata 10,980,000, ambayo ni pesa yote iliyoingia kwenye saruji mwezi huo. Njia haiumbi pesa wala haiipotezi. Inaamua tu kiasi gani kimeondoka na mauzo na kiasi gani bado kimelala stooni.

Kwanza Kuingia, Kwanza Kutoka

*Inavyokokotolewa.* Programu nyingi huiandika FIFO. Mauzo yanamaliza mzigo wa zamani kwanza. Mifuko 350 ya tarehe 9 inakula yote 200 ya 14,000, kisha 150 ya 14,600. Ile 220 ya tarehe 24 inamalizia 150 iliyosalia ya 14,600 na kugusa 70 tu ya mzigo mpya. Kilichobaki, mifuko 180, ni cha 15,200 kitupu.

*Ripoti inasemaje.* Thamani ya stoo inakuwa karibu na bei ya sokoni, kwa hiyo mizania (taarifa ya mali na madeni ya biashara) inaaminika. Bei zikipanda, faida inasomeka kubwa, kwa sababu unauza kwa bei ya leo na kutoa gharama ya jana. Hapo ndipo mwenye duka anapoiona faida, anaitumia, kisha akienda kununua mzigo mwingine anakuta mtaji hautoshi mifuko ileile. Bei zikishuka mambo yanageuka: njia hii ndiyo itakayoonyesha faida ndogo kuliko zote.

*Kazi yake.* Kwa programu, hakuna kazi. Kwa Excel ni mateso, maana fomula inakatika kila mauzo moja yanapogusa mizigo miwili. Ipo njia ya mkato kwa anayehesabu stoo mara moja kwa mwezi. Usifuatilie mauzo kabisa. Hesabu kilichopo, kisha rudi nyuma kwenye ankara kuanzia ya mwisho. Ipo mifuko 180 na ankara ya mwisho ilileta 250. Basi yote ni ya 15,200. Ingekuwa ipo 300, ungechukua 250 za 15,200 na 50 za 14,600, jumla 4,530,000. Angalia kwamba anayezidisha kila kitu kwa "bei ya mwisho ya kununulia", kama wafanyavyo wengi, angeandika 4,560,000. Hizo 30,000 za juu ni za bidhaa moja tu. Stoo ina bidhaa mia nne.

*Inapoharibikia.* Inategemea tarehe kuliko njia zote. Mzigo wa tarehe 5 ukiingizwa kwenye mfumo tarehe 11, mauzo ya 350 ya tarehe 9 yanakuta stoo ina 200 tu, na programu inalazimika kubuni gharama ya mifuko 150. Na kosa la bei kwenye ankara moja halijitawanyi: linakaa kwenye mzigo wake na kutokea ghafla siku mzigo huo unapouzwa, pengine miezi miwili baadaye. Uzuri wake ni kwamba ukilitafuta unalipata, kwa sababu liko mahali pamoja.

Tahadhari ndogo. Njia hii ni ya hesabu. Haimlazimishi mbebaji achukue mfuko wa zamani. Lakini kama wapakuaji wanapanga saruji mpya mbele na ya zamani inagandia ukutani, ripoti itasema mifuko 180 ni ya tarehe 16 wakati iliyopo ni mawe ya Desemba.

*Inamfaa nani.* Muuza vyakula, dawa, vipodozi, na chochote chenye tarehe ya kuisha. Pia mwagizaji kutoka nje ambaye kila kontena lina gharama yake.

Wastani unaosogea

*Inavyokokotolewa.* Kila mzigo unapoingia, wastani unapigwa upya. Mauzo yanatoka kwa wastani uliopo wakati huo. Baada ya tarehe 5 kuna 7,180,000 kwa mifuko 500, sawa na 14,360. Zikitoka 350, zinabaki 150 za thamani ya 2,154,000. Mzigo wa tarehe 16 ukiingia, inakuwa 5,954,000 kwa mifuko 400, yaani 14,885. Bei hiyo inadumu hadi mzigo ujao.

*Ripoti inasemaje.* Inakaa katikati. Thamani ya stoo iko nyuma kidogo ya soko, na faida haipandi na kushuka kama bendera. Kwa anayepanga bei za kuuzia, ni starehe: kila bidhaa ina gharama moja leo, na muuzaji anaweza kuisoma kwenye skrini kabla ya kumpunguzia mteja.

*Kazi yake.* Kwa Excel inawezekana, alimradi kila bidhaa iwe na karatasi yake na mistari ifuatane kwa tarehe. Safu zinazohitajika ni tarehe, idadi iliyoingia, bei, idadi iliyotoka, idadi iliyobaki, thamani iliyobaki na wastani. Wastani ni thamani iliyobaki gawanya kwa idadi iliyobaki. Mauzo yanapunguza thamani kwa idadi iliyotoka mara wastani wa mstari wa juu yake. Ukipanga upya mistari bila kuangalia, kila kilicho chini kinaharibika.

*Inapoharibikia.* Hapa tukae kidogo, maana ndiyo njia inayotumika sana na ndiyo inayoharibika kimyakimya.

Adui wa kwanza ni stoo kusoma hasi. Chukua bidhaa yenye mifuko 10 ya 14,000. Gari limeshusha 100 asubuhi, lakini karani hajaziingiza. Muuzaji anauza 40. Mfumo unasoma hasi 30, thamani hasi 420,000. Mchana karani anaingiza mifuko 100 ya 15,200, yaani 1,520,000. Sasa kuna mifuko 70 yenye thamani ya 1,100,000, na wastani ni 15,714. Hujawahi kulipa bei hiyo kwa mfuko wowote! Wastani huo mbovu utabebwa mbele, ukichanganyika na kila mzigo unaofuata, na miezi mitatu baadaye hakuna atakayekumbuka ulikozaliwa. Dawa ni kuzima ruhusa ya kuuza stoo ikiwa hasi. Muuzaji atalalamika wiki ya kwanza.

Adui wa pili ni gharama inayochelewa. Tuseme mifuko 300 ya tarehe 5 iliingizwa kwa 14,150 kwa sababu bili ya gari, 135,000, ilikuja tarehe 12. Wakati huo imebaki mifuko 150 kati ya 500. Sahihi ni 40,500 ziongezwe kwenye stoo na 94,500 ziende kwenye gharama ya mauzo. Programu ikizitupa zote kwenye mifuko 150 iliyobaki, wastani unaruka kutoka 14,090 hadi 14,990, badala ya 14,360. Jaribu programu kwa mfano huu kabla ya kuinunua. Ni dakika tano tu.

Adui wa tatu ni vipimo. Katoni ya vipande 24 ikiingizwa kama kipande 1 kwa bei ya katoni, wastani wa kipande unavimba mara moja. Kanuni rahisi: kila wastani unapobadilika kwa zaidi ya asilimia 10 kutokana na mzigo mmoja, mtu auangalie siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Duka la vifaa vya ujenzi, vipuri vidogo, misumari, nafaka inayomiminwa kwenye rundo moja, mafuta kwenye tangi. Kwa ufupi, bidhaa ambayo mzigo wa jana na wa leo huwezi kuutenganisha hata ukitaka.

Wastani wa mwezi

*Inavyokokotolewa.* Chukua baki la mwanzo wa mwezi na manunuzi yote ya mwezi, gawanya mara moja tu: 10,980,000 kwa 750, sawa na 14,640. Wastani huo unatumika kwa mauzo yote, hata yale ya tarehe 9, ambayo mzigo wa tarehe 16 ulikuwa haujafika. Kwa mantiki ni kichekesho kidogo, lakini IAS 2 inakubali wastani wa kipindi kama inavyokubali ule unaosogea.

*Ripoti inasemaje.* Iko nyuma zaidi ya soko bei zinapopanda, na katikati ya mwezi haikuambii kitu. Ukiulizwa tarehe 18 faida ni kiasi gani, jibu ni kusubiri.

*Kazi yake.* Ndogo kuliko zote. Orodha moja ya manunuzi na fomula ya SUMIFS ya Excel (inayojumlisha kwa masharti) kwa kila bidhaa vinatosha, na mpangilio wa tarehe ndani ya mwezi hauna athari. Ankara iliyochelewa siku tano haivurugi chochote, alimradi iingie kabla ya kufunga mwezi.

*Inapoharibikia.* Kosa kubwa ni kutafuta wastani wa bei badala ya wastani wa thamani. Ongeza kwenye mfano wetu mifuko 10 iliyochukuliwa duka jirani kwa 16,500 ili kumtimizia mteja. Ukijumlisha bei nne na kugawa kwa nne unapata 15,075. Ukigawa thamani yote kwa mifuko yote 760 unapata 14,664. Mifuko kumi imepewa sauti sawa na mia tatu. Kosa la pili ni kusahau kwamba baki la mwanzo wa Aprili lazima liwe lilelile la mwisho wa Machi, kwa idadi na kwa shilingi.

*Inamfaa nani.* Biashara inayotumia leja ya mkono au Excel, yenye mtu mmoja wa hesabu anayekuja mara moja kwa mwezi. Pia kiwanda kidogo kinachotumia malighafi moja kwa wingi.

Kila kimoja kwa bei yake

Hapa hakuna ukokotoaji. Jenereta lenye namba fulani lilinunuliwa 1,850,000. Likiuzwa, hiyo ndiyo gharama. Inafaa magari yaliyotumika, mashine, vito, na samani za oda, na kiwango kinaitaka kwa vitu visivyobadilishana. Kazi yake ni namba ya kila kitu kuandikwa siku ya kupokea na siku ya kutoka, bila kuruka.

Isitumike kwa bidhaa zinazofanana. Ukiwa na majenereta matatu ya aina moja ya 1,850,000, 1,920,000 na 2,100,000, anayechagua lipi litoke anachagua pia faida ya mwezi. Mkaguzi anajua hilo.

Makosa yasiyojali njia

Ripoti ya thamani ina tarehe, na programu nyingi huweka ya leo zenyewe. Ukitaka thamani ya 31 Desemba na ukaichapisha 4 Januari bila kubadilisha tarehe, umepata stoo ya 4 Januari. Ukiibadilisha, hakikisha hakuna aliyeingiza ankara za Desemba baada ya hapo. Ichapishe na uihifadhi.

Jumla ya ripoti lazima ilingane na akaunti ya bidhaa kwenye leja kuu. Zikitofautiana, angalia kwanza kama kuna aliyeandika moja kwa moja kwenye akaunti hiyo bila kupitia stoo. Kisha tafuta mzigo uliopokelewa ambao ankara yake haijafika, na ankara iliyoingizwa ambayo mzigo wake uko njiani.

Na mzigo uliolala haubaki kwenye bei yake kwa sababu tu ripoti inasema hivyo. Thamani ni gharama, au kile utakachopata ukiuza baada ya kutoa gharama za kuuzia, ipi iliyo ndogo. Makopo 40 ya rangi yaliyogharimu 32,000, yakitarajiwa kuuzwa 28,000 na kusafirishwa kwa 1,000, yanaandikwa kwa 27,000. Shilingi 200,000 zinatolewa kwenye faida ya mwaka huu, hata kama inauma. Pitia bidhaa moja moja. Usiache faida ya saruji ifunike hasara ya rangi.

Kwa hali yako

Una daftari na hesabu ya stoo mwisho wa mwezi tu: wastani wa mwezi, au Kwanza Kuingia kwa kurudi nyuma kwenye ankara. Ya pili ni bora kama ankara zako zimepangwa vizuri, kwa sababu inakupa thamani iliyo karibu na soko bila kufuatilia mauzo.

Una programu, bidhaa mamia, na wauzaji kadhaa kaunta: angalia kwanza kama mapokezi yanaingizwa siku hiyohiyo. Yakiingizwa, wastani unaosogea utakurahisishia kupanga bei. Yasipoingizwa, rekebisha hilo kabla ya kuchagua njia.

Unaagiza kontena, na shilingi inayumba: Kwanza Kuingia, ili uone kila kontena limekuletea nini. Lakini ukipiga hesabu ya pesa ya kutoa dukani, tumia bei ya kununulia mzigo ujao, si ya ule uliouza.

Umeshanunua programu na hujui inatumia ipi: QuickBooks Online inatumia Kwanza Kuingia, huna chaguo. TallyPrime inakuruhusu kuchagua kwa kila bidhaa, na Odoo kwa kila kundi la bidhaa. Uhuru huo usikuponze. Bidhaa zinazofanana kwa asili na matumizi zinapaswa kutumia njia moja, hata kama ziko stoo mbili tofauti.

Unauza mchanganyiko, tuseme saruji na majenereta: njia mbili kwa makundi mawili ni halali. Iandike kwenye sera ya hesabu, sentensi mbili tu, ili mhasibu ajaye asiibadilishe kwa kudhani alikuta kosa.

Unataka kuhama njia: subiri siku ya kwanza ya mwaka wa hesabu. Usiku wa kuamkia siku hiyo hesabu stoo yote, chapisha ripoti kwa njia ya zamani na kwa njia mpya kwa idadi ileile, na uweke zote mbili kwenye faili moja na karatasi za kuhesabia zenye saini. Mwambie mkaguzi mapema, kwa sababu takwimu za mwaka uliopita huenda zikahitaji kuandikwa upya kwa njia mpya ili zilinganishike. Baada ya hapo funga ruhusa ya kuingiza chochote chenye tarehe ya nyuma ya siku hiyo.